Nimempa mwanangu jina la kocha, na kocha kaondoka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kinyozi, nina miaka 34, saluni yangu iko Temeke, hatua chache kutoka Mwembe Yanga. Najua unacheka. Mtu wa Simba kufungua kazi Mwembe Yanga ni sawa na kuuza mishkaki saa saba mchana mwezi wa Ramadhani. Lakini kodi ya pango ni nafuu, wateja wapo, na utani wa hapa nilikuwa nimeuzoea mpaka ilipofika Septemba hii ya 2025.

Mwaka huu Mungu katujalia mtoto wa kiume. Wa kwanza ni wa kike, ana miaka sita. Huyu wa kiume kazaliwa siku nane baada ya ile fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika kule Zanzibar, na nikampa jina la Fadlu. Nadhani hata wewe usiyefuatilia mpira unajua nimelitoa wapi.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukaniona mwehu. Msimu wa 2023/24 tulimaliza wa tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Kwa mtu wa Simba hiyo ni aibu ya kutembea umeinamisha kichwa. Wakongwe wakaondolewa, wakaletwa vijana ambao hata majina yao nilikuwa nayasoma kwa kudonoadonoa, na juu yao akaletwa kocha kutoka Afrika Kusini, Fadlu Davids, ambaye wengi wetu hatukuwa tunamjua. Tukaambiwa timu inajengwa, tuwe na subira. Shangazi, mimi sina subira. Mteja akichelewa dakika kumi, kiti nampa mwingine. Lakini yule bwana nilimpa.

Na kila mwezi nilikuwa naona kitu kimeongezeka. Robo fainali, Al Masry walitufunga 2-0 kwao Misri, tukazirudisha zote mbili kwa Mkapa, uwanja wetu wa Dar, kipa wetu Camara akadaka penalti, tukapita. Usiku ule nilinyoa watu watatu bure, na mmoja wao ni Yanga. Kesho yake nikabandika picha ya kocha kwenye kioo cha saluni, juu kushoto, pale ambapo mteja akikaa kwenye kiti lazima watazamane.

Mara ya mwisho Simba kufika fainali ya Afrika ilikuwa 1993, mimi bado nabebwa mgongoni. Kwa hiyo Berkane walipotufunga 2-0 kwao Morocco na marudiano yakapangwa Uwanja wa Amaan tarehe 25 Mei, nilipanda boti. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Aliniambia nenda, nikaenda. Mutale alipofunga mapema nilikumbatiana na mtu nisiyemjua, tukaanguka wote wawili kwenye ngazi. Ikaisha 1-1, kombe wakabeba wao. Wakati wa kurudi boti nzima kimya, vuvuzela zimelazwa chini ya viti kama miamvuli. Na katika kimya kile sikumsikia hata mtu mmoja akimlaumu kocha. Pale pale ndipo nilipolipata jina.

Niseme na hili, ingawa silo lililoniandikisha barua. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekubaliana kwamba akizaliwa wa kiume ataitwa jina la marehemu baba yake. Siku ya akika watu wamekaa, pilau imeshaanza kunukia, shehe akauliza jina, nikasema Fadlu. Mke wangu hakusema kitu. Nikajua karidhika.

Sasa, Septemba 20 tulishinda 1-0 Botswana dhidi ya Gaborone United, Ligi ya Mabingwa, raundi ya awali. Siku mbili hivi baadaye niko kazini, mashine iko kichwani kwa mteja, redio ikasema kocha kaaga, anakwenda Raja Casablanca. Mkono ulicheza. Nilimwachia yule mteja mstari upande wa kushoto ambao haukuwa na maana yoyote, ikabidi nimpige kipara na hela nisichukue.

Tangu hapo sina raha. Picha nimeibandua, zimebaki pembe nne za selotepu kwenye kioo, na kila anayekaa anauliza hapo palikuwa na nini. Dereva wa bajaji anayeegesha mbele yangu kila asubuhi ananiuliza: "Baba Fadlu, na huyu wa kwako mkataba wake unaisha lini?" Uongozi ukamwazima Hemed Suleiman, aliyekuwa kocha wa Taifa Stars, ambaye wote tunamwita Morocco, asimamie marudiano. Basi ikawa wimbo: kocha kaenda Morocco, mmeletewa Morocco! Wengine wananitupia fadhila ya punda mateke. Na kuna mzee mmoja wa genge kaniambia taratibu, bila hata kucheka, "Mwanangu, umempa mtoto jina la mtu ambaye hakuifunga Yanga hata siku moja." Hilo ndilo lililonikata, kwa sababu ni kweli. Tulikutana nao mara nne, zote tulifungwa. Kombe la ligi hakuleta, la FA hakuleta.

Mwezi uliopita mke wangu kampeleka mtoto kliniki. Nesi akachukua kadi, akaita kwa sauti, "Fadlu! Fadlu yuko wapi? Au naye kashakwenda Morocco?" Benchi zima la akina mama likaangua kicheko. Mke wangu aliporudi akaiweka kadi mezani, akaingia jikoni. Niliumia sana, Shangazi, maana nilijua wananicheka mimi.

Kundi letu la WhatsApp nimejitoa. Banda umiza siendi. Wiki iliyopita nilimmwagia mteja maji kwa sababu ya utani, na huyo ni mteja wangu wa miaka mitano. Nikisikia jina la yule kocha nasema msaliti, halafu usiku natafuta kwenye simu kuona Raja wamecheza vipi.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto hatujakichukua, tuna tangazo la hospitali tu, kwa hiyo mwanya wa kubadilisha jina bado upo. Nifanye hivyo? Mama yangu anasema jina la akika haliguswi. Mke wangu nikimuuliza anajibu "wewe ndiye uliyetaja." Na naona kama anaona aibu, maana siku hizi jina hilo halitamki kabisa. Mtoto anamwita "baba" tu. "Njoo baba, lala baba." Nisaidie.

Baba Fadlu, Temeke


Marahaba, mwanangu.

Umekosea pawili kabla sijafika hata kwenye shida yako. Mpira naufuatilia, tena sana. Na mimi ni Yanga, ya kurithi. Nimekulia Kariakoo, katikati ya Msimbazi kwenu Simba na Jangwani kwetu Yanga, na nyumbani kwetu siku ya mechi nguo nyekundu haikuanikwa nje. Ukitaka kuishia kusoma hapa nitakuelewa. Barua yako nimeicheka mpaka machozi, hasa huyo maskini aliyeingia kupunguza nywele akatoka na kipara. Halafu nikairudia taratibu, na mara ya pili sikucheka sana.

Kuumia kwako sikushangai. Juni 2023 nilikuwa jikoni nakata bamia, kijana wangu akanipigia simu: "Mama, kocha Nabi anaondoka." Siku chache nyuma tulikuwa tumetoka kwenye fainali yetu wenyewe, hiyohiyo ya Shirikisho. USM Alger walitufunga 2-1 hapa kwa Mkapa tarehe 28 Mei, tukawafuata kwao Algiers tarehe 3 Juni tukawafunga 1-0, na kombe wakabaki nalo wao kwa mabao ya ugenini. Mechi umeshinda, kombe hulioni. Na kabla hatujamaliza kulia hilo, mwenyewe aliyetufikisha huko anafunga begi. Bamia nilizikata zote, nikarudi nikazikata tena zilizokwisha kukatwa, mboga ya siku ile ilikuwa uji. Wiki nzima kila asubuhi nafungua simu nikitegemea watakanusha. Sasa bibi mwenye wajukuu aliyefanya hivyo hana mdomo wa kumwambia kinyozi wa miaka 34 aache utoto.

Ila mimi na wewe hatukuumia sawasawa, na nimekaa nikiwaza tofauti iko wapi. Nabi aliondoka akiwa ametupa ubingwa mara mbili mfululizo. Chini yake tulikwenda ligi mechi 49 bila kupoteza, mpaka Ihefu walipotukamata kule Mbarali. Alipoondoka tulilia, lakini hatukuwa tunamdai. Wewe wako ulikuwa unamdai. Alikuja wakati mko chini, mkaambiwa msubiri, na wewe usiye na subira hata ya dakika kumi ukatoa ya msimu mzima. Ukafungwa na sisi mara ya kwanza ukasema timu inajengwa. Mara ya pili, timu inajengwa. Mara ya tatu, tunabeba ubingwa mbele ya macho yako, timu inajengwa. Mara ya nne ilikuwa Ngao ya Jamii Septemba hii, Pacome katufungia kimoja, na nina hakika ulilala ukisema hivyohivyo. Halafu mjenzi kaondoka kigae cha kwanza hakijapandishwa. Mwanangu, hiyo hasira yako si ya mapenzi tu. Ulikopwa subira na haikurudishwa.

Na ndiyo maana maneno ya yule mzee wa genge yalikukata. Aliona mtu asiye na kombe na hakuelewa unampendea nini. Mimi naelewa. Aliyekutoa ulipokuwa umeinamisha kichwa, akakufikisha kwenye boti la kwenda fainali baada ya miaka 32, huyo anapendwa bila kuangalia kabati la makombe. Usiyaonee haya mapenzi hayo kwa sababu tu yameishia njiani.

Ila neno msaliti liache. Sisemi aliondoka vizuri. Kuondoka katikati ya mechi mbili, ya ugenini umeshacheza na ya nyumbani bado, si uungwana, na hapo nakuunga mkono hata kama ni mtani. Lakini hebu tazama na upande wa pili. Klabu yako ilimfukuza kocha Aussems Novemba 2019, miezi michache tu baada ya kuwafikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Robertinho alipewa barua siku mbili baada ya sisi kuwapiga 5-1 tarehe 5 Novemba 2023 (samahani, kalamu imeteleza, lakini sijuti). Na sisi? Aliyewapiga hizo tano ni Gamondi. Akaturudisha hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ambayo hatukuwa tumeiona tangu 1998, akafika robo fainali, Mamelodi wakamtoa kwa penalti tu. Novemba 2024 akafungwa na Azam, akafungwa na Tabora United, kwaheri. Sikumsikia mtu Jangwani akisema uongozi umemsaliti Gamondi. Kocha anajua kwamba mechi mbili mbaya zinamtosha kuwa mtaani, sasa akipata nyumba nyingine kabla hajafukuzwa hii, anahama.

Tena nyumba yenyewe aliwahi kuishi. Fadlu alikuwa kocha msaidizi hukohuko Raja, kwenye msimu wa 2023/24 waliobeba ligi ya kwao bila kufungwa. Kuitwa urudi kama mwenye nyumba pale ulipokuwa mpangaji, nani angekataa? Wewe mwenyewe kesho ukiitwa Masaki kwenye saluni yenye viyoyozi utaiaga Mwembe Yanga kwa ujumbe wa simu. Na Morocco hawajaanza leo. Sven Vandenbroeck wenu aliwafunga FC Platinum 4-0 Januari 2021, akawaingiza makundi, na kabla hamjamaliza kushangilia yuko FAR Rabat. Nabi wetu naye alipoondoka, FAR Rabat hiyohiyo. Huko ndiko makocha wetu wanakoolewa, na mahari yao ni nzito kuliko yetu.

Sikuahidi kitu kuhusu timu yako, sina kazi hiyo. Ila Sven alipoondoka, watu wa Simba walisema yamekwisha, na tarehe 23 Februari mwaka uleule mkamfunga Al Ahly 1-0 kwa Mkapa. Nabi alipoondoka mimi nilisema yamekwisha, na Novemba yake ndiyo hiyo ya mabao matano. Oktoba hii ya 2025 mmemchukua Pantev, yule aliyekuwa kwenye benchi la Gaborone United mkimfunga. Mpeni kiti akae. Nenda banda umiza, hata kama utakaa nyuma mikono umekunja. Unamfuatilia Raja usiku kwa siri ili iweje, wakati timu yako inacheza Jumamosi mtaa wa pili?

Kuhusu utani, nakushangaa. Umeishi Mwembe Yanga miaka yote hiyo hujajua kwamba anayenuna ndiye anayeliwa? Maji uliyommwagia mteja yatasimuliwa hapo mpaka Fadlu aoe. Kamwombe radhi, mnyoe bure, mara hii umalize vizuri. Na huyo wa bajaji akikuuliza mkataba wa mtoto unaisha lini, mjibu: "Huyu kasaini maisha, na ada ya usajili kailipa mama yake." Kisha umuulize kuhusu Folz. Maana sisi nasi Oktoba hii tulifungwa 1-0 na Silver Strikers kule Malawi, na siku hiyohiyo kocha kaonyeshwa mlango. Mwenye bajaji hana meno wiki hii, ila hajui kama wewe unajua.

Hayo yote yalikuwa mepesi. Sasa tuje kwenye barua yako yenyewe, ile uliyoiandika bila kujua.

Umeniambia kwa sentensi moja kwamba mlikubaliana jina la marehemu baba yake, na ukasema silo lililokuandikisha. Kwangu ndilo. Tazama jinsi ulivyolipanga mwenyewe: mke ana mimba ya miezi tisa, umepanda boti, alisema nenda. Ahadi ya jina la baba yake mzazi umeivunja mbele ya shehe na wageni, pilau jikoni, hakusema kitu. Kliniki kachekwa, akaweka kadi mezani. Mara tatu hakulalamika, na mara zote tatu umelitafsiri hilo unavyotaka wewe. "Nikajua karidhika." Mwanamke aliyejifungua juzi, kazungukwa na wakwe, shehe kalamu mkononi, ulitaka asimame abishane?

Na ile ya kliniki uliniudhi kweli. "Nilijua wananicheka mimi." Wewe ulikuwa saluni. Aliyekaa kwenye benchi na mtoto mapajani, jina linaitwa kwa kejeli, akainuka mbele za watu akatembea mpaka kwa nesi, ni yeye. Tena kwa jina ambalo hakulichagua, la mtu asiyemjua, wa mchezo asioutazama. Yeye ndiye aliyekula utani wako wote wa Mwembe Yanga kwa dakika ile moja, na aliporudi nyumbani ukamhuzunikia baba Fadlu.

Unamdai kocha msimu mmoja wa subira. Huyu mama anakudai wewe miezi mingapi?

Halafu kuna hili ambalo nimelisoma nikaweka miwani chini. Unasema anaona aibu, jina halitamki, mtoto anamwita "baba." Wewe umelelewa wapi, mwanangu? Kwetu sisi mtoto akirithi jina la babu yake, mama yake halitaji. Nani anamwita baba yake mzazi kwa jina, "Fulani, njoo hapa"? Anaitwa baba. Anaitwa babu. Mama yangu alimwita mdogo wangu wa kiume "babaangu" mpaka anaingia kaburini, na mdogo wangu ana mvi. Mkeo si kwamba analikwepa jina lako la kocha. Alishampa mwanawe jina lake, lile mlilokubaliana, tangu siku zile, na analitumia kila siku mbele ya masikio yako. Aliona ulishasema mbele ya watu, hakukuvunjia heshima, akatafuta njia ya kupita pembeni. Na wewe uko chumba cha pili unatafuta Raja kacheza vipi.

Kwa hiyo swali la kubadilisha jina umelileta kwa mtu asiye mwenyewe. Mama yako naye, kwa heshima zote, si mwenyewe. Chukua lile tangazo la hospitali, siku ambayo hakuna mechi, mtoto amelala. Mkabidhi mkononi. Mwambie: nilivunja ahadi ya jina la baba yako, nilikuacha na mimba nikapanda boti, na ulichekwa kwa ajili yangu, cheti bado hatujachukua, litakaloandikwa ni la kwako kusema. Usiongeze "lakini." Neno lakini likikuwasha, meza. Na usimfuate siku ya pili kumuuliza kaamuaje. Wewe si una subira ya msimu mzima?

Akisema jina la baba yake, liandikwe hilo RITA wanakotoa vyeti, na mtaani watamwita Fadlu mpaka wachoke. Dar nzima watu wana jina la cheti na jina la mtaa. Akisema Fadlu libaki, basi usiliogope. Kocha hakulileta kwa boti. Ni la Kiarabu, mzizi wake ni uleule wa fadhila zetu, na akina Fadhili walikuwepo pwani hii kabla klabu yako haijaanzishwa 1936. Na klabu yako ndiyo ya mwisho kuogopa mambo ya majina, iliyowahi kuitwa Queens, ikaitwa Eagles, ikaitwa Sunderland, mpaka 1971 ndipo ikawa Simba. Watakaokuambia fadhila ya punda mateke, waambie wamtazame mtoto anavyorusha miguu, mateke yapo kweli.

Picha sikushauri kuirudisha wala kuichoma. Ila hizo pembe nne za selotepu zing'oe, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, zinachafua kioo na zinakuzidishia maswali.

Na kliniki ya mwezi ujao mpeleke wewe. Funga saluni asubuhi hiyo, mama mtu alale. Utakaa kwenye benchi na akina mama, pengine mwanamume peke yako, utasubiri foleni kama wanavyosubiri. Nesi atachukua kadi, atakuona, atajua ni wewe, na ataita kwa sauti kubwa kuliko mara ya kwanza, Fadlu yuko wapi, kashakwenda Morocco? Inuka naye, mweke kwenye mzani. Mwambie huyu yupo, mpime.

Shangazi